Maji ya Mshindi

Elkana Odipo amekufa akiwa na mapafu mazima. Hilo nililisikia likisemwa kama sifa, matangani kwake Kawangware 46, chini ya tenti waliyoifunga kamba kwa nguzo ya stima. Ati mpaka wiki ya mwisho mzee alikuwa anaimba besi kanisani, ubeti mzima bila kuvuta pumzi. Kilichomwangusha ni sukari na miguu. Nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki, mstari wa nyuma kabisa. Nilikuwa nimetoka Gatina kwa miguu, safari ambayo mtu mwingine wa umri wangu anaimaliza kabla chai haijapoa, na mimi ilinichukua karibu saa nzima, nikisimama mbele ya kila duka kama mtu anayetaka kuuliza bei. Wenye maduka wameshanizoea. Wananiita Mama Pole Pole na wanadhani ni unene. Mzee wa kanisa akashika maikrofoni akasema marehemu aliwafunza vijana wengi wa Kibera kukata mawe ya thamani bila kuwatoza chochote, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Pembeni yangu kuna mwanamke mwingine ambaye hakupiga, kikongwe, mikono ameikunja juu ya bakora, na nilipogeuka kumwangalia nilikuta ananiangalia tayari. Ni Mama Jael.

"Rispa," akasema. "Bado unahema hivyo?"

"Bado, mama."

"Huyu hakuhema hivyo." Alielekeza kidevu kwa ile picha kubwa iliyozungushiwa maua ya karatasi. "Nimetoka Makina, huko Kibera, nikuje nione kama wamemfunga vizuri kwa sanduku. Wamemfunga. Sasa nataka kitu kimoja tu kutoka kwako. Jumapili ukitoka kanisa, uje kwangu, ni nyumba ileile. Uniambie nani aliua Jael. Usiniambie ni Mungu. Mungu nimeshamuuliza."

Basi nimekaa siku tatu na daftari ili nikienda niende nikiwa nimejipanga, kwa sababu mdomo wangu unaweza kunikimbia. Darasa la sita ndilo nilifika. Mahali nimekosea kuandika mtu arekebishe, lakini majina asiyaguse. Majina ni matatu, na nitayataja yote, ingawa la tatu nimelinyamazia tangu nikiwa msichana na sijui kama nikifika mbele ya mama huyo litatoka.

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka ishirini, Jael kumi na tisa. Tulikuwa tunafulia watu nguo. Asubuhi tunakaa kwa ukuta na wanawake wengine tukingoja mama wa estate aje achague, na akija anatuangalia mikono kwanza, kama anayenunua kuku. Jael alichaguliwa sana. Alikuwa na mikono mikubwa na kicheko kidogo. Elkana tulimpata kupitia Jael, ambaye siku moja akipita nyuma ya msikiti wa Makina aliona kwa dirisha la nyumba ya udongo jiwe limewekwa juu ya kifuniko cha chupa, la rangi ya zambarau, na jua limeingia ndani yake likashindwa kutoka. Alisimama hapo mpaka mwenye nyumba akatoka. "Unataka kuiba ama unataka kujifunza?" mzee akamwuliza. Jael akasema, "Kwanza kujifunza." Elkana alicheka sana. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa karakana ya mawe huko mjini mpaka ikafungwa, akabaki na gunia la vipande vilivyokataliwa na mashine aliyojitengenezea mwenyewe kwa mota ya cherehani. Akatuambia tuje Jumamosi. Si kazi, alisema, hakuna kuuza, hakuna bosi. Ni kitu cha kutoa mtu mawazo.

Watu wameniuliza kwa nini wasichana wa kufua wapoteze Jumamosi yao kwa kitu kisicho na mshahara. Nikawaambia hamjawahi kushika jiwe. Unachukua kipande kibaya, kimeparara kama kisigino, unapasha nta nyekundu kwa moto wa koroboi, unakibandika kwa ncha ya kijiti, halafu unakishusha juu ya gurudumu linalozunguka, upande mmoja, unazungusha kidogo, upande mwingine, mpaka kinaanza kuwa na nyuso. Halafu unabadilisha gurudumu, unaweka la ngozi na unga wa kung'arishia, na unaona nyumba nzima imeingia mle ndani, dirisha, koroboi, uso wako mwenyewe ukiwa mdogo. Jael alisema, "Nguo ukifua leo, wiki ijayo imekurudia na uchafu uleule. Hii hairudi." Hilo ndilo lilitupeleka. Wiki nzima tulikuwa tunasafisha vitu vya watu, na pale tulisafisha kitu kikabaki safi.

Sasa sikilizeni habari ya maji, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Jiwe hukatwa kwa maji. Juu ya gurudumu kuna mkebe umetobolewa, unatona tone kwa tone, na maji hayo hufanya kazi mbili: yanapoza jiwe lisipasuke, na yanalaza vumbi. Bila maji, jiwe linatoa unga mweupe, mwepesi kuliko unga wa ngano, na huo unga hauanguki, unasimama tu hewani ukikungoja. Wanafunzi tulikuwa watatu: mimi, Jael, na Shaban, mtoto wa Makina asili, fundi wa redio, mdomo mrefu. Kila mmoja alipaswa kuja na mtungi wake wa maji, lita ishirini, na ndiyo ilikuwa karo yetu. Mitungi mitatu ikiingia, miwili ilipita moja kwa moja uani kwa Penina, mke wa Elkana, ambaye alikuwa na kibanda cha chakula na alihitaji maji ya kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe, na kuosha sahani. Mmoja ulibaki kwa mashine. Na Elkana, badala ya kutugawia huo mmoja, akaufanya zawadi. Aliyetoa jiwe zuri zaidi Jumamosi iliyopita ndiye anakata kwa maji Jumamosi hii. Wengine wawili wanakata makavu. "Maji ni ya mshindi," alisema. "Ndiyo itawafanya mkono uwe na adabu."

Yeye mwenyewe hakukaa ndani. Aliweka stuli yake nje kidogo ya mlango, kitambaa kilicholoweshwa kimefunika pua, akitusimamia kutoka hapo. Tulidhani ni mafua. Mzee alikuwa na mafua mwaka mzima.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, lile la jiwe la zambarau, na halikufunguka. Ukutani kalenda ya kanisa, kitanda kimefungwa kwa pazia, mashine katikati, na huko nyuma ukuta mwembamba wa udongo uliotutenganisha na jiko la Penina. Saa sita adhana ikiita, Shaban anatoka kuswali na sisi tunakula. Penina alipika vizuri, siwezi kumnyima hilo. Ugali na omena ya kukaanga na nyanya, ama githeri, na strungi, chai isiyo na maziwa, ya tangawizi. Sinia lilikuwa linawekwa palepale, juu ya kiti kando ya mashine, na vumbi lililosimama asubuhi yote linaanza kushuka polepole juu ya omena. Siku moja Jael aliligusa kwa kidole akasema, "Fundi, chakula kimeota mvi." Elkana akajibu kutoka mlangoni, "Hiyo ni chumvi ya mawe, nyathina, mwanangu. Kula. Wahindi wananunua hiyo." Tukacheka tukala. Shaban aliporudi alikuta sinia limeisha, akatuita fisi, na Jael akamwambia, "Ombea na sisi tupate ya kukubakishia."

Jael ndiye alikuwa na mkono. Hata akikata makavu jiwe lake lilikuwa linatoka zuri kuliko letu la maji. Jiwe kavu linapata moto haraka, nta inalegea, jiwe linaruka ama linapasuka, kwa hiyo lazima ujue lini upumzike. Sisi tulikisia. Jael aligusisha jiwe kwa mdomo wake wa chini, hivi, kama mtu anayebusu mtoto aliyelala, na mdomo ulimwambia. Akilitoa, mdomo umebaki mweupe wa unga, anaulamba, anaendelea. Elkana alipenda sana kumwangalia akifanya hivyo. "Muone," alikuwa akituambia. "Huyu jiwe linamwogopa." Wiki akishinda, anakata kwa maji, na unaweza kuona mabega yake yameshuka. Wiki nyingine mzee anampa Shaban ama mimi ushindi, hata bila haki, ili tusikate tamaa.

Mwezi wa tatu mvua ilikataa. Mifereji ya Makina ikakauka, wanawake wakalala kwa foleni, na mtungi mmoja ukawa unabebwa kwa ulinzi. Ndiyo wiki niliposikia. Nilikuwa nimefika mapema, wenzangu bado, Elkana hayuko mlangoni. Nikaingia nikakaa kwa kitanda nikingoja. Huko nyuma ya ukuta Penina alikuwa anamenya viazi, nilisikia kisu, na mzee alikuwa anakunywa chai, nilisikia anavyoivuta.

"Elkana, hawa watoto wa watu watakufia hapa," Penina alisema. Hakuwa na uchungu, alikuwa anasema tu kama vile sufuria imetoboka.

"Hawafi hapa. Inachukua muda. Kule karakana tulikuwa kumi na wawili. Nilihesabu nani anakohoa na nani hakohoi. Wanaokohoa ni wanaopenda kazi sana, hawatoki kwa gurudumu. Mimi nilikuwa natoka kila saa kuvuta sigara." Akacheka. "Sigara imeniokoa, Penina. Nenda ukahubiri hiyo kwa kina mama."

"Na yule wa mikono mikubwa?"

"Huyo? Huyo anapenda sana."

"Basi mpe maji."

"Nikimpa yote, wewe utapikia nini?"

Kisu kikasimama. Nilingoja Penina aseme neno. Halafu nikasikia kisu kimeanza tena. Hilo ndilo jina la pili, na ndiyo dhambi yake yote, ule muda mfupi kisu kiliposimama na halafu kikaendelea. Sasa hivi najua kisu changu mimi kilikuwa wapi. Nilitoka nje nikazunguka msikiti, nikarudi kama ndio nafika. Jael akanikuta mlangoni na mtungi wake kichwani. "Niaje Rispa, mbona macho hivyo? Umeona jini la Shaban?" Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeyasema tungebeba mitungi yetu turudi nyumbani, na hilo gurudumu tusingeliona tena. Nikamwambia nimeumwa na kichwa.

Shaban alijitoa mwenyewe. Jumamosi hiyo alikohoa mpaka akashika ukuta, akatema kitu cheupe kama uji kwa kiganja chake, akatuonyesha. "Manze, mimi nimejaa simiti. Nyinyi endeleeni kujengwa." Tulimcheka. Mimi ambaye nilijua, nilimcheka kwa sauti zaidi, nikamwambia anaogopa kushindwa na wanawake. Aliondoka na mtungi wake, na mpaka leo yuko hapo Makina anatengeneza redio na anapumua. Basi tukabaki wawili, na mitungi miwili. Penina akachukua mmoja. Elkana akaweka mkono juu ya uliobaki akasema maji yamekuwa taabu, hawezi tena kubadilisha mshindi kila wiki. "Tunamaliza leo. Jiwe zuri la leo ndilo litakata kwa maji mpaka mwaka uishe."

Alitupa mawe mawili ya zambarau, mapacha, yametoka kwa jiwe moja. Mimi ndiye nilikuwa wa maji wiki hiyo, Jael wa makavu. Tulibadilishana mashine, zamu kwa zamu. Adhana ilipoita langu lilikuwa limeisha, zuri, la kawaida, ukingo mmoja umekwenda upande. La Jael lilikuwa bado kwa kijiti, amemaliza nyuso zote, limebaki kung'arishwa tu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Alilibusu, akasema, "Liko na moto kama mkate. Wacha lipoe," akakisimamisha kijiti kwa kopo la mchanga, akaenda choo cha kule mbele, ambacho lazima uombe ufunguo. Elkana alikuwa ametoka kuvuta sigara. Nilibaki mimi na mawe mawili na mkebe wa maji.

Kila mtu aliyekata mawe anajua jiwe la moto haliguswi na maji. Ndilo somo la kwanza. Nilichovya kidole kwa mkebe nikakiweka juu yake. Tone moja. Lililia tik, kidogo, kama ukucha kwa sahani, na ufa ukaingia ndani kutoka juu mpaka chini, mweupe, mwembamba, mzuri hata. Nilimpasua Jael kwa yale maji niliyokuwa namnyima. Halafu nikakaa. Sikupangusa hata lile tone. Mwizi mwenye akili angepangusa.

Jael aliporudi alikichukua kijiti, akalipeleka mdomoni kama kawaida yake, na akasimama hivyohivyo, jiwe limegusa mdomo. Muda mrefu. Akaliangalia dirishani. "Limeenda," akasema. Elkana akaja akalitazama, akatikisa kichwa. "Umelisukuma sana. Uchu." Jael hakubisha. Aliniangalia mara moja tu, akapangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema, "Mkono wangu bado mzito, fundi." Akalivua jiwe kwa nta, akalifunga kwa leso.

Nilikata kwa maji mpaka Krismasi. Jael alikata makavu mpaka Krismasi, na si Jumamosi peke yake, kwa sababu alitaka kuondoa ule uzito wa mkono: akitoka kufua anapitia kwa Elkana, anakata mpaka mwangaza uishe. Elkana alimruhusu. Alikuwa anaketi nje na kitambaa chake anamsifu. Na mimi mjinga, nikiwa na maji yangu, nilikaa chumba kimoja naye nikingoja zamu. Maji yangu yalilaza vumbi langu. La kwake nililivuta lote, pua na mdomo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ndilo hili ninalopanda nalo ngazi za Gatina.

Mwaka uliofuata alianza kukohoa akifua, na wale mama wa kuchagua mikono wakaacha kumchagua. Hospitali walimpa dawa za TB, akazimaliza. Wakampa tena. Alikonda mpaka mikono ikabaki mikubwa peke yake. Siku moja nilimpeleka mahali pengine kupigwa picha ya kifua, na daktari akaishika kwa dirisha akauliza, "Huyu alikuwa kwa mgodi?" Nikasema hapana, anafua nguo. Daktari akasema, "Kuna mawe mle ndani." Jael akacheka kale kacheko kake, akashika mbavu. "Mwulize kama yamekatwa vizuri," akaniambia. Alikufa akiwa amekaa, kwa sababu kulala kulikuwa kumemshinda. Alichukua miaka sita. Elkana alikuja mazishini na aliimba.

Hapo ndipo nilikuwa nimefika na daftari, na Jumapili ikafika.

Nilienda. Ni chumba kilekile alichokulia Jael, karibu na msikiti uleule. Mama Jael alinikalisha mezani, na juu ya meza kulikuwa na leso, na juu ya leso jiwe la zambarau lenye ufa. Hakunisalimia sana. "Haya," akasema.

"Elkana Odipo," nikasema. "Alijua. Nilimsikia kwa masikio yangu." Nikamweleza yote.

Aliitikia kwa kichwa. "Na nani?"

"Penina. Alijua na yeye, na maji aliyapikia."

"Na nani?"

Nilitoa daftari kwa mfuko nikalishika tu. Huko nje watoto walikuwa wanasukumana. Nikasema, "Na mimi. Alipoenda choo nilitia maji kwa jiwe. Ili nisiwe mimi wa makavu."

 Kikongwe alinyoosha leso vizuri pembe zake, moja moja.

"Aliniambia jioni ileile," akasema. "Alikuja na hili akasema, mama, jiwe langu lilikuwa limelowa, na Rispa ndiye mwenye maji."

"Na hamkuniambia kitu. Miaka yote hiyo, mama."

"Alinikataza. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona haya, hutarudi pale, na yeye hakutaka kubaki kwa kile chumba peke yake. Ulikuwa rafiki yake." Akainuka kwa bakora yake mpaka kwa mtungi ulio kona, akachota. "Nimekungoja useme mwenyewe. Nilifikiri utakufa kwanza."

Aliweka glasi mbele yangu, imejaa mpaka ukingoni.

"Kunywa."

"Sina kiu, mama."

"Kunywa, Rispa. Si ulishinda?"

Nikaichukua. Siku hizi glasi ya maji siwezi kuimaliza bila kupumzika mara tatu, mara nne, kifua kinafunga. Kila nilipotaka kuishusha nivute pumzi nilikuta mkono wake uko chini ya glasi, umeishikilia palepale usawa wa mdomo wangu. Akaningoja. Tulikaa hivyo mpaka nikaona kitako cha glasi.